Lazaro Hakuamka

Siku ya nne, watu wa Oudenaarde, mji wa Flandria, walijipanga nje ya ghala la chini la chama cha washairi kabla kengele ya misa haijalia. Hawakuja kuomboleza. Walikuja kuona kama Daneel Stuyvaert atafufuka.

Wouter Claeyssone, mpelelezi wa hakimu wa mji, aliwapita akiwa amevuta kofia hadi masikioni. Mwanamke mnene aliyebana mkate kwapani alimshika koti.

"Bwana Wouter, ni kweli bado hajaanza kunuka?"

"Nenda nyumbani, mama. Mkate wako unaganda."

"Ugande! Lazaro naye alilala siku nne."

"Lazaro alikuwa na mtu wa kumwita," sauti ya mwanamume ilidakia nyuma yake. Wachache walicheka, kisha wakanyamaza haraka kama watoto waliocheka kanisani.

Chini kulikuwa na baridi kuliko barabarani. Mwili ulilazwa juu ya meza katikati ya vifaa vya maigizo: mabawa ya malaika yaliyoning'inia ukutani, na taya kubwa la jehanamu lililochongwa kwa mbao, likiwa wazi kumwelekea marehemu kichwani. Padri Ghislain, mtawa aliyetumwa kuchunguza imani za watu wa wilaya, alisimama na mshumaa mkononi. Hakugeuka.

"Njoo utazame, mwanangu. Kisha uniambie kama unahitaji mashahidi zaidi."

Kinyozi wa mji alikwisha kuosha unga ambao Daneel alipakwa usoni ili aonekane maiti. Chini ya unga, maiti alionekana mzima. Mashavu yalikuwa mekundu na midomo myekundu, kama ya mtu aliyetoka sasa hivi kuteleza kwenye barafu ya mto. Wouter aliinama. Aliwahi kuiona rangi ile kwenye uso wa mfu, miaka mingi iliyopita, lakini hakukumbuka wapi. Alibonyeza shavu kwa kidole. Lilikuwa baridi kama jiwe, na wekundu haukuondoka.

"Ni moto wa kule aliko," Padri alisema. "Unamwangaza kwa ndani."

"Au?"

"Hakuna au. Ubeti aliokusudia kuutamka akifufuka unaujua?"

Mji mzima uliujua, ingawa hakuna aliyeusikia jukwaani. Daneel alikuwa mshairi mkuu wa Chama cha Mbigili. Mchezo wa Lazaro aliutunga mwenyewe, na mwenyewe aliigiza maiti. Pazia la mwisho lilipofunguliwa, Lazaro alitakiwa kuketi kaburini na kusema:

*Umeniita, Bwana, nami natoka, hukuniuliza nina nini mkononi;*
*basi huyu aliyesimama mlangoni na mkoba, ametumwa na nani?*

Lakini mwigizaji wa Kristo aliita mara moja, akaita tena, akaita mara ya tatu kwa sauti iliyoanza kupasuka, na Lazaro hakuamka. Wouter mwenyewe alikuwepo siku ile ya Jumapili, karibu na jukwaa. Watu walipiga makofi. Mzee mmoja alisema hajawahi kuona mtu akituliza mwili namna ile.

"Mungu alimfunga kinywa kabla hajatamka uzushi wa Wajerumani, eti msamaha wa dhambi hauuzwi," Padri alisema. "Kesho adhuhuri nitasoma hukumu uwanjani. Mwili utachomwa. Nyumba na mali vitachukuliwa. Mkewe na watoto watatoka na nguo walizovaa, kama sheria inavyotaka kwa nyumba ya mzushi."

"Na kama kuna mtu aliyemuua?"

"Basi niletee mtu huyo kabla ya kesho. Pauwels, yule aliyeigiza Mauti, unaye kifungoni tangu Jumapili, na mpaka sasa umenionyesha mkuki wake wa mbao tu." Padri aliushusha mshumaa, na kivuli cha taya la jehanamu kilipanda ukutani. "Usinichukie, Wouter. Namwombea kila siku. Lakini siwezi kulifanya la Mungu kuwa la mtu, eti kwa sababu mjane ananisikitisha."

Berlinde, mjane wa Daneel, alimpokea jikoni. Madirisha yalikuwa yamefungwa kwa ajili ya msiba. Watoto walikuwa kwa jirani. Aliiona miguu ya Wouter kabla ya kumtazama usoni.

"Umelowa mpaka kwenye vifundo. Kaa hapo." Alivuta kutoka chini ya sketi yake kisanduku cha makaa, kile cha mbao chenye matundu juu na chungu cha moto ndani, ambacho kila mwanamke wa mjini hubeba kwenda kanisani. Alikisukuma kwa kisigino mpaka chini ya kiti cha mgeni.

"Wewe utakanyaga nini?"

"Mimi sijui tena kama nina miguu. Weka, bwana, usinitie aibu nyumbani kwangu."

Wouter alivua viatu, akaweka miguu. Joto lilimpanda hadi magotini.

"Ndani ya kaburi lile kulikuwa na nini?"

"Daneel na vitambaa vyake."

"Hakuna kingine? Kikombe? Chakula?"

"Lazaro gani anakula?" Kidogo acheke, kisha uso ukamharibika. "Nilimfunga mimi mwenyewe, mikono na miguu, vizuri, kwa kitani changu. Alinisumbua kama kawaida yake. Kaza hapa, legeza pale. Hofu yake ilikuwa baridi tu. 'Berlinde, maiti anayetetemeka si maiti, ni kichekesho.' Alilisema hilo wiki nzima."

"Nani alimkaribia baada yako?"

"Pauwels. Alimletea divai ya moto. Pauwels anautaka ushairi mkuu wa chama tangu mwaka juzi, hilo hata mbwa wa mtaa wanalijua." Alimsogelea. "Bwana Wouter, mmehakikisha?"

"Kuhakikisha nini?"

"Kwamba amekufa. Mbona uso wake uko vile? Jana niliruhusiwa kushuka. Nikamwita kwa jina lake. Alikuwa amefumba macho tu, kama anaponidanganya asubuhi ili nimwache alale. Nikasema Daneel, watu wameshaondoka, mchezo umekwisha."

Wouter alijipapasa paji la uso. Kichwa kilikuwa kimeanza kumwuma, na jikoni palikuwa pazito. Aliposimama aliona soksi yake ina alama ya kijivu karibu na kisigino. Akaipangusa kwa kidole gumba, akidhani ni tope la barabarani, akaaga. Nje, upepo wa mtoni ulipomgonga usoni, kichwa kilimwachia.

Gerezani, mlinzi alimpa ufunguo lakini alikataa kumsindikiza.

"Nimekula kiapo kulinda watu," alisema. "Huyo siyo mtu mpaka abadilishe nguo."

Mauti alikuwa amekaa kwenye majani makavu, akila uji. Pauwels, mfumaji wa mazulia ya ukutani, alikamatwa akiwa bado na vazi lake la jukwaani, jeusi, lenye mifupa iliyochorwa kwa chokaa kila mahali. Kwenye giza la chumba kile mifupa tu ndiyo iliyoonekana ikipeleka kijiko mdomoni.

"Nipatie suruali, ndugu yangu," mifupa ilisema. "Yule mwoga ananisukumia bakuli kwa fimbo ya ufagio."

"Nitakupatia. Niambie kuhusu divai."

"Nusu niliinywa mimi. Daneel akapiga mafunda mawili. Iliyobaki aliimaliza Zegher seremala. Zegher amekufa?"

"Hajafa. Amenitukana asubuhi hii."

"Basi divai haina kosa. Wala mkuki hauna, umeushika mwenyewe, hauwezi kutoboa jibini." Akaweka bakuli chini. "Niulize ulichokuja kuuliza."

"Mchezo wote ulikuwa wapi?"

"Nimekaa juu ya kaburi. Ndivyo alivyoandika: Mauti ameketi juu ya kifuniko kama mfalme, mpaka Kristo amfukuze."

"Ulisikia chochote chini yako?"

Pauwels aliyavuta majani akafunika miguu yake, mfupa baada ya mfupa.

"Alibisha," alisema.

"Lini?"

"Dada zake Lazaro walipokuwa wanalia. Mara moja tu, polepole, kama mtu anayegeuka usingizini. Nikadhani ananiambia nisijitikise. Nikampiga teke kwa kisigino, hivi, kwenye ubao. Maana yake nyamaza, unatuharibia." Alikitazama kisigino chake. "Hakubisha tena."

Wouter alichuchumaa karibu naye.

"Kuna jingine. Hili sikumwambia hakimu, na Padri usimwambie, maana litamchoma Daneel kesho bila kuni. Mto ulikuwa umeganda siku ile, sivyo? Watazamaji walikuwa wanapiga miguu chini. Waigizaji wote walikuwa wa buluu. Mimi nilikuwa natokwa na jasho. Ubao ule, Wouter, ulikuwa wa moto. Ulinipasha makalio mpaka nikawa najisogeza huku na huku. Nimekaa hapa siku zote nikijiuliza ni moto gani unaotoka chini ya maiti, na jibu ni moja tu."

"Umesema ubao ulikuwa wa moto. Wote?"

"Hapana. Upande wa miguu yake."

Wouter alisimama ghafla mpaka Mauti akaruka nyuma.

"Waashi wawili," Wouter alisema.

"Waashi gani?"

Lakini mpelelezi alikuwa ameshagonga mlango afunguliwe. Alikuwa amekumbuka. Alikuwa bado askari wa kawaida walipowakuta waashi wale katika chumba kipya walichokipaka chokaa. Waliwasha mkaa ili ukuta ukauke, wakafunga madirisha kwa sababu ya baridi, wakajilaza, wasiamke tena. Nyuso zao zilikuwa nyekundu na nzuri, na mke wa mmoja wao alikataa wasizikwe.

Jukwaa lilikuwa bado limesimama kwenye ukumbi wa wauza nguo. Zegher, mpumbavu wa chama, yule ambaye kazi yake jukwaani ni kuchekesha na nje ya jukwaa ni useremala, alilifungua kaburi kwa fahari iliyochanganyika na haya.

"Kaburi bora kuliko yote Flandria. Hakuna ufa hata mmoja. Nimeziba kila ungio kwa vitambaa na gundi, ili mwanga wa mishumaa ya nyuma usipenye. Mwaka jana huko Kortrijk kaburi lao lilikuwa linang'aa kama taa, tukawacheka mwezi mzima."

"Hewa je?"

"Kifuniko sikukibana. Hewa ilikuwa inaingia."

"Na Pauwels akiketi juu yake?"

Zegher alipitisha kidole kwenye ukingo wa kifuniko.

Wouter alivua viatu, akaingia, akajilaza mahali pa Daneel. Aliagiza kifuniko kirudishwe. Giza lilikuwa la moja kwa moja. Alisikia pumzi yake ikimrudia kutoka kwenye ubao, kana kwamba kuna mtu mwingine amelala juu yake uso kwa uso. Alinyoosha mkono kuelekea miguuni. Sakafu ilikuwa na rangi yenye kunata. Mbele kidogo, mnato uliisha. Palikuwa na mraba mkavu, kama uliokaushwa kwa moto, na kwenye kila pembe yake kulikuwa na kishimo kidogo.

Alibisha. Zegher aliinua kifuniko upesi, uso wake ukiwa mweupe bila unga.

"Usifanye hivyo tena, mkubwa. Kubisha huko."

"Rangi hii uliipaka lini?"

"Jumapili asubuhi. Gundi yake haikauki kwenye baridi."

Wouter aliigeuza mikono yake. Viganja vilikuwa vya kijivu. Aliitazama soksi yake, karibu na kisigino. Kijivu kilekile. Alitoka kaburini, akavaa viatu polepole.

"Mwite Padri Ghislain," Wouter alisema hatimaye. "Yule mama mwenye mkate aniazime kisanduku chake cha makaa. Na wewe unaye ndege."

"Kapiteni? Kapiteni amenishindia mashindano ya kuimba, Wouter. Mchukue mke wangu."

"Kesho adhuhuri watamchoma Daneel na kumtupa Berlinde barabarani."

Zegher aliuma mdomo, akaenda.

Walipokusanyika, mama wa mkate alikuwa bado analalamika kwamba anataka kisanduku chake kabla ya jioni, na kama kikipata rangi atalipwa na hakimu. Wouter aliweka kisanduku kwenye ule mraba mkavu. Miguu ya kisanduku iliingia kwenye vile vishimo, kila mmoja mahali pake. Hapo hata yule mama alijisogeza aone. Wouter akaweka tundu la ndege upande wa kichwa, akafunga, akaketi juu ya kifuniko kama Mauti alivyoketi.

Kapiteni aliimba. Ndani ya mbao sauti yake ilikuwa mbali, kama inatoka chini ya kanisa. Padri Ghislain alipiga magoti kwenye vumbi la jukwaa, akaanza zaburi kwa sauti ndogo. Taratibu joto lilipanda chini ya Wouter, upande wa miguu. Ndege aliimba ubeti wake, akaurudia, akaanza tena, akakatiza katikati. Padri naye alikatiza. Kisha Wouter akasikia, kwa mifupa yake zaidi ya masikio, mbisho mmoja mdogo kwenye ubao.

Akafungua. Ndege alikuwa chini ya kijiti chake. Zegher alimtoa, akampulizia, akamwita kwa jina. Alimwita tena. Hakuamka.

Padri alimtazama yule ndege kwa muda mrefu.

"Nilisema Mungu amefanya," alisema. "Nimelitaja jina Lake bure, mbele ya mji mzima." Alijishika kwenye ubao akasimama, mzee ghafla. "Nani aliweka moto?"

"Mtu ambaye hakutaka atetemeke."

Macho yao yalikutana. Padri alielewa, akageuza uso.

"Beti zake bado ni sumu, na karatasi zake nitazichoma. Lakini mwili ni wa kanisa. Azikwe leo. Nyumba ibaki na mwenyewe. Na yule mfumaji apewe suruali."

Giza lilikuwa halijaingia Wouter alipobisha tena mlangoni kwa Berlinde. Berlinde alifungua akiwa bado ameshtuka kwa ule mbisho.

"Nyumba ni yako," Wouter alisema kabla hajaketi. "Atazikwa leo, kwenye ardhi ya kanisa. Hakuna aliyemuua, na Mungu hakumhukumu."

Berlinde aliinamisha kichwa akafanya ishara ya msalaba. Midomo yake ilicheza kimya kimya. Kisha, kwa mazoea tu, alikisukuma kisanduku kuelekea miguu ya mgeni.

Wouter hakuweka miguu. Aliinama, akakiinua, akakigeuza upande. Vile viguu vinne vilikuwa vya kijivu mpaka nusu.

"Ulikitoa lini?" aliuliza taratibu.

"Nini?"

"Hiki. Kaburini."

"Mara tu walipofungua kifuniko. Nilikuwa nyuma ya pazia, nikapenyeza mkono nikakivuta, ili akiinuka asije akaunguza kitani." Alikunja uso. "Hukuniuliza hilo. Uliuliza kama kulikuwa na kitu. Hiki ni kisanduku changu tu, nilirudi nacho nyumbani kama..."

Alikitazama kisanduku mikononi mwa Wouter. Akayatazama matundu yake, wekundu uliokuwa ndani yake. Wouter alienda kufungua dirisha, na akasimama hapo akiwa amempa mgongo, kwa sababu hakujua pengine pa kusimama.

Upepo uliingia.

"Jumapili ulikuwepo?" Berlinde aliuliza nyuma yake.

"Nilikuwepo. Mbele kabisa."

"Mimi nilikuwa nyuma, sikuona." Sauti ilikuwa ndogo sana. "Alitetemeka?"

Wouter aligeuka.

"Hakutetemeka hata kidogo, mama. Watu walipiga makofi."

Berlinde aliitikia kwa kichwa. Alichukua kisanduku, akatoa kile chungu, akamwaga makaa kwenye ndoo ya maji. Yalilia, yakanyamaza. Kisha alirudi kwenye kiti chake, akavua viatu, akaiweka miguu yake mitupu juu ya jiwe la sakafu.